Hapo mwanzo Roho ilitulia, ilitamia au ilipapatika?

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, huenda na wewe umeshatumiwa. Mhubiri kashika maiki, jasho linamtiririka, anasema "kwenye Kiebrania chenyewe, kile ASILIA," halafu ananyamaza kidogo watu waitikie, "pale Mwanzo moja mstari wa pili pameandikwa RAKHAF, na rakhaf maana yake ni kuku anapotamia mayai!" Kanisa zima juu. Anaendelea kwamba dunia ilikuwa yai, Roho akalilalia, na wewe mwenye ndoto iliyogoma kutotolewa usitoke kwenye kiota, kaa hapo hapo upate joto, na sadaka ya joto inapokelewa kwa namba iliyopo chini ya skrini. Nilitumiwa na watu watatu ndani ya siku mbili, wa kwanza mama yangu mdogo, aliandika tu "eti ni kweli?" nikamjibu kwa voisi noti ya dakika saba, akarudisha: "mwanangu hiyo ndefu, niandikie."

Haya mama mdogo, nimeandika.

Kwanza tumpe mhubiri haki yake. Neno lipo, hajalitunga, na hiyo habari ya kutamia haikutoka kichwani mwake, ina zaidi ya miaka 1,600 na ina watu wazito nyuma yake, nitawafikia. Shida ni kwamba kitenzi chenyewe ni adimu mno. Kwenye Biblia nzima ya Kiebrania, kuanzia Mwanzo mpaka Mambo ya Nyakati (wao ndo wanamalizia hapo, sio Malaki), kinatokea mara tatu. Tatu basi. Mwanzo 1:2, Kumbukumbu la Torati 32:11 na Yeremia 23:9. Sasa kitenzi cha namna hiyo hakina maana ya siri iliyofungiwa kabatini ambayo funguo kapewa mtu mmoja, kina sehemu tatu za kukikuta kikifanya kazi, unaenda pale unaangalia nani anafanya, anamfanyia nani, yuko wapi, halafu ukishamaliza unatafuta ndugu zake kwenye lugha za jirani. Yule bwana hakwenda hata sehemu ya pili.

Angeenda angekutana na kichekesho, maana sehemu ya pili inatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Chukua Union Version, ile ya 1952, ambayo wengi wetu ndo tumekariri nayo mistari Sunday School. Mwanzo 1:2 inasomeka: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu, na giza lilikuwa juu ya uso wa vilindi vya maji, Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Ikatulia. Sasa funua mpaka karibu na mwisho wa Kumbukumbu la Torati, wimbo wa Musa, sura ya 32, Mungu anafananishwa na tai na kiota chake, na huyo tai anafanya nini? "Na kupapatika juu ya makinda yake." Kiebrania ni kitenzi kilekile, merakhefet kule, yerakhef huku, umbo lilelile la kukazia, na hata kihusishi chake ni kilekile, "juu ya". Kwa hiyo kwenye Biblia moja, kwa watafsiri walewale, rakhaf ni kutulia ukurasa wa kwanza na ni kupapatika mwishoni mwa Torati, vitu viwili ambavyo mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku atakwambia havikai ndani ya ndege mmoja kwa wakati mmoja. Kuku akishatulia katulia. Kuku akipapatika, kimbia kaangalie kuna nini bandani.

Na sio maana peke yake iliyopotea pale, hata wakati wa kitenzi umepotea. Angalia hiyo -ka-. Sisi tukisema "alikuja akakaa akanywa chai" kila -ka- ni tukio linalofuata lingine, kwa hiyo msomaji wa "ikatulia" anapata picha kwamba kulikuwa na nchi tupu, kulikuwa na giza, BAADAYE Roho ikaja ikatua. Kiebrania hakisemi hivyo. Merakhefet ni kitendo kinachoendelea, hakina mwanzo wala mwisho ndani ya sentensi, ni sehemu ya mandhari: nchi ilikuwa tupu, giza lilikuwepo, na muda huohuo Roho ilikuwa ikifanya hicho kitu juu ya maji, ikaendelea kukifanya mpaka mstari wa tatu Mungu aliposema na iwe nuru. Yaani -ki- ndo iliyotakiwa, "ilikuwa iki-". Silabi moja tu, lakini kwa -ka- Roho imefika na kukaa, kwa -ki- Roho ilikuwa kazini tangu kabla hujafungua kitabu.

Biblia Habari Njema wao angalau waliliona hilo la wakati, wameandika "ikitanda". Ila kutanda ni kwa mawingu. Wingu limetanda, ukungu umetanda, simanzi imetanda. Kinachotanda kinafunika, hakina mbawa.

Nirudi kwenye wimbo wa Musa maana pale pana kitu ambacho mimi nilipokiona mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Unajua lile neno tohu, "ukiwa, tena utupu", tohu va-vohu? Kwenye vitabu vyote vitano vya Torati, tohu linatokea mara mbili tu. Mara ya kwanza ni Mwanzo 1:2. Mara ya pili ni Kumbukumbu 32:10, pale Mungu anapomkuta Israeli "katika jangwa tupu litishalo", huo utupu ni tohu. Na mstari unaofuata papo hapo, 32:11, ndo rakhaf. Hayo maneno mawili, moja linatokea mara mbili kwenye Torati na jingine mara mbili, na mara zote mbili yapo pamoja, mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa. Aliyeutunga huo wimbo na aliyeandika ukurasa wa kwanza, mmoja alikuwa anamsikiliza mwenzake, au wote wawili walikuwa wanasikia wimbo mmoja wa zamani zaidi. Utupu, na juu ya utupu kuna mbawa zinapigapiga. Msomaji wa Kiebrania akifika kwenye tai yule anakumbuka maji ya siku ya kwanza bila kuambiwa. Msomaji wa Kiswahili hawezi, kwa sababu huku aliambiwa ikatulia.

Halafu huyo tai naye kasingiziwa sana. Umesikia mahubiri kwamba tai anabomoa kiota, anatoa manyoya laini anaacha miiba ichome, anawasukuma watoto watoke wajifunze kuruka? Kiebrania kina maneno mawili tu pale, ya'ir kinno, anaamsha kiota chake. Kuamsha. Hakuna miiba, hakuna kusukumana, hakuna somo la kuruka. Habari ya kuruka iliingia kwa Kilatini, Jerome, yule aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alipofika pale aliongeza maneno ya kwake kwamba tai anawachochea makinda wake WARUKE, na kuanzia hapo wahubiri wa magharibi wakanogewa, nasi tukarithi mpaka miiba. Wagiriki wa Aleksandria waliotafsiri karne kadhaa kabla yake walikwenda njia tofauti kabisa, wao walisema tai anakifunika kiota chake akiwaonea shauku makinda. Lakini picha ninayoipenda mimi ni ya Rashi, yule mwalimu wa Kiyahudi wa Troyes kule Ufaransa (1040 hadi 1105), aliyoipokea kwa wazee wake: tai ana huruma, haingii kwenye kiota ghafla, anapiga mbawa kwanza juu yao, huku na huku, kati ya tawi na tawi, ili watoto waamke wapate nguvu ya kumpokea. Yaani anabisha hodi! Na akifika kwenye yerakhef yenyewe Rashi anasema hawalemei kwa uzito wake, yuko juu yao anagusa na hagusi.

Anagusa na hagusi. Weka hiyo kiporo.

Sasa ndugu wa jirani. Mwaka 1929 Wafaransa walianza kuchimba Ras Shamra, pwani ya Syria, wakakuta mji wa Ugarit ulioungua miaka kama 1,200 kabla ya Kristo, na ndani yake vibao vya udongo vyenye alfabeti ya herufi 30 na lugha ambayo ni binamu wa Kiebrania kabisa. Kuna utenzi humo wa kijana anaitwa Aqhat, mtoto aliyeombwa kwa miungu na baba yake Danel. Aqhat anapewa upinde uliotengenezwa na fundi wa miungu, mungu wa kike Anat anautaka, anampa ofa ya fedha, dhahabu, mpaka uzima wa milele, kijana anakataa na anaongeza dharau juu, tangu lini wanawake wanawinda? Anat anakodi muuaji, Yatpan. Anamwambia nitakuweka kama tai mkandani kwangu, na Aqhat atakapokaa kula chakula, juu yake tai watakuwa wana-rakhaf, na miongoni mwa tai nita-rakhaf mimi mwenyewe. Na ikawa hivyo. Kijana kakaa anakula, juu tai wanazunguka wakipiga mbawa, Anat kajichanganya nao, halafu Yatpan anaachiliwa kutoka juu anampiga utosini mara mbili, juu ya sikio mara tatu, roho yake inatoka kama pumzi. Baadaye dada yake, Pughat, anatazama juu anaona tai wana-rakhaf juu ya nyumba ya baba yao, anaanza kulia kabla hajaambiwa kitu.

Kitenzi kilekile. Ni kh ile ya sabalkheri kabisa, ambayo Kiebrania kiliichanganya na h nzito kwenye herufi moja. Niambie sasa, hao tai wa Ugarit walikuwa wanatamia nini? Yai liko wapi? Hakuna kiota, hakuna joto, hakuna mtoto, kuna mtu anakula na kifo kiko juu yake kinasubiri nafasi. (Na kwa jinsi walivyo hao ndege, nesher wa Kiebrania mara nyingine ni tumbusi zaidi kuliko tai, Mika 1:16 inamsema ana upara, na tai wetu hana upara. Tumbusi wakizunguka juu ya boma lolote, hata bibi yangu angeanza kulia.) Kwa hiyo hilo la huruma na kulea halimo ndani ya kitenzi, limo ndani ya hadithi inayokizunguka. Musa ana makinda, basi mbawa zile ni za mzazi. Anat ana hasira, basi mbawa zilezile ni za muuaji. Kinachobaki ukitoa hadithi zote ni mwendo tu: kiumbe yuko hewani juu ya kitu, anapiga mbawa, hatui na haondoki.

Basi kutamia kumetoka wapi? Kumetoka kwa Kisiria, lugha ya Wakristo wa zamani wa upande wa Syria, ndugu wa Kiebrania. Basili wa Kaisaria, huko ambako leo ni Uturuki, karne ya nne, alihubiri mfululizo juu ya siku sita za uumbaji, na akifika kwenye mstari huu anasema tafsiri hii si yangu, ni ya bwana mmoja Msiria, ambaye lugha yake iko karibu na Kiebrania, aliyesema neno lile linamaanisha kupasha joto na kutia uhai, kama ndege anavyofunika mayai. Augustino naye ana habari hiyohiyo kutoka kwa Msiria. Jerome, ambaye alikaa Bethlehemu na Kiebrania alikijua kwa kusumbuliwa na walimu wa Kiyahudi, akaandika mwanzoni mwa miaka ya 390 kwamba pale ambapo vitabu vyetu vinasema Roho "ilichukuliwa" juu ya maji, Kiebrania tunaweza kukifasiri "ilikuwa ikiatamia", kama ndege anavyoyapa mayai uhai kwa joto. Halafu alipokaa kutafsiri Biblia yenyewe, jamaa huyohuyo, akaiacha "ilichukuliwa" kama ilivyokuwa! Maoni yake kayaweka kwenye kitabu cha maswali, kwenye Maandiko akanyamaza. Mimi namwelewa, kuna vitu unasema barazani husemi mimbarini, na ndo tofauti yake na klipu yetu.

Na Kisiria kweli kina hiyo maana, hilo silikatai, kitenzi chao kilikua kikaongeza kutamia na kuonea huruma, mpaka kwenye ibada zao wanakitumia kwa Roho anaposhuka juu ya mkate na divai. Lakini hiyo ni miaka mingi sana baada ya Mwanzo kuandikwa. Kuchukua maana ya neno la leo ukamvalisha babu yake ni kama kusema "kuchati" kwenye shairi la Muyaka. Na cha kuchekesha, Msiria mkubwa kuliko wote, Efraimu, aliyekiongea hicho Kisiria tangu utotoni, kwenye ufafanuzi wake wa Mwanzo anasema ile haikuwa hata Roho Mtakatifu, ilikuwa upepo. Mambo ya yai la dunia yalikuja kuchochewa tena na Mjerumani Gunkel mwaka 1895, akiona pale mabaki ya hekaya za kale za yai la ulimwengu, hiyo tuipite, Mwanzo 1 haina yai.

Marabi wao hawakuhangaika na mayai. Talmudi, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kwenye Hagiga 15a inasimulia Rabi Yoshua ben Hanania kasimama kwenye ngazi ya mlima wa Hekalu, Ben Zoma akapita wala hakuinuka kumpa heshima, mzee akamuuliza, unatoka wapi unakwenda wapi Ben Zoma? Akajibu nilikuwa naangalia kati ya maji ya juu na maji ya chini, hakuna nafasi ila vidole vitatu tu, kwani imeandikwa Roho ya Mungu merakhefet juu ya maji, kama njiwa anayepapatika juu ya watoto wake na hawagusi. Rabi Yoshua akawageukia wanafunzi akawaambia, Ben Zoma bado yuko nje. Maana yake akili imeshamruka. Mimi kila nikisoma namwonea huruma Ben Zoma, alizama sana kwenye kitenzi kimoja hakurudi, na huenda mama mdogo ananiwazia hivyo hivyo sasa hivi. Lakini umeona, hagusi. Vidole vitatu. Yule mwenye kutamia amelala juu ya yai, tumbo limegusana na ganda, bila kugusana joto halipiti, wakati picha yote ya marabi imesimama kwenye huo upenyo mdogo kati ya mbawa na kilicho chini yake. Hata Waisraeli wa leo walipotafuta jina la droni, ile ya kupigia picha harusi, wakalitoa humuhumu, wanaiita rakhfan, na kama umewahi kuitazama ikiwa juu ya maharusi, inatetemeka, inanguruma, imeganda hewani palepale, haigusi kichwa cha mtu. Ndo hiyo.

Kuna kundi la pili ambalo nalo sikubaliani nalo, hao wanaosema ni upepo tu. Ruakh kwa Kiebrania ni upepo, ni pumzi, ni roho, na hata roho yetu sisi tumeipata kwa Waarabu, ruh, ambao ni ndugu wa damu wa ruakh, na wenyewe wana rih pia kwa upepo. Kwa hiyo upepo unawezekana kabisa. Tafsiri ya Wayahudi wa Marekani ya 1962 inasema upepo kutoka kwa Mungu ulikuwa ukivuma ukifagia juu ya maji, na mfasiri mwingine wa Mwanzo, Speiser, mwaka 1964 akasema upepo wa kutisha. Sawa, upepo nakubali, kufagia nakataa. Kinachofagia kinapita. Tai wa Musa hakupita, tai wa Anat hawakupita. Ukitaka iwe upepo, iwe upepo unaopiga mbawa palepale.

Na hapo ndo Kiswahili kinanisisimua, maana sisi tunalo shina moja lenye hayo yote ndani. Upepo. Kupepea. Kipepeo. Kupepeta mchele, kupepea moto wa mkaa. Na pepo, ambazo ni wingi wa upepo, Ufunuo 7:1 ina "pepo nne za nchi", na papo hapo pepo ni yule wa kukemewa, na peponi ni kule tunakoomba twende. Shina moja limebeba upepo, roho na mbawa zinazotikisika, Kiebrania chenyewe kimetumia maneno mawili kusema hayo, ruakh na rakhaf. Mtu angeandika "upepo wa Mungu ulikuwa ukipepea juu ya maji" sikio la Mswahili lingesikia kitu ambacho hata Kiingereza hakina. Najua kwa nini hawakuthubutu. Krapf alipoanza kuitafsiri Mwanzo hapo Mombasa mwaka 1844, na wote waliomfuata, wamekuta pepo tayari wana ngoma zao na waganga wao, huwezi kumwita Roho wa Mungu kwa jina linalokaribiana na la wanaopungwa. Kwa hiyo roho ikachukua kiti, pep- ikabaki kwa bendera na vipepeo. Na kupepea peke yake kuna dosari, bendera haipepei yenyewe, inapepezwa.

Nimejaribu na mengine. "Ikielea juu ya maji" usiguse kabisa, kila mtu wa pwani ataona mtumbwi. "Ikiatamia" nimeshasema. Limebaki kupapatika, ambalo watafsiri wa 1952 walikuwa nalo mkononi wakalitumia kwa tai wakalikwepa kwa Roho, na nadhani najua walichoogopa: kupapatika kwetu ni kwa kuku aliyechinjwa pia. Ni kwa mtu aliyeshikwa na hofu. Huwezi kusema Roho ya Mungu ilikuwa ikipapatika, watu watadhani imepatwa na nini. Kwa muda mrefu na mimi nilikubali hiyo hoja.

Kilichonigeuza ni ile sehemu ya tatu ambayo hakuna anayeihubiri. Yeremia 23:9. Nabii anaanza maneno yake juu ya manabii wenzake, wale ambao sura hiyohiyo mstari wa 16 inasema wananena maono ya mioyo yao wenyewe, hayakutoka kinywani mwa Bwana, na kabla hajawashambulia anaeleza hali yake: moyo umevunjika ndani yake, yuko kama mlevi, kama mtu aliyeshindwa na divai, na mifupa yake yote ime-rakhaf. Mifupa! Wagiriki walisema imetikisika. Kamusi kubwa ya Kiebrania iliyotoka Oxford mwaka 1906 iliona hii haiingii kabisa ikaigawa, ikasema huu ni mzizi mwingine, ndugu wa neno la Kiarabu la kulegea, kulainika, mifupa imelegea, na yule wa kupiga mbawa ni mwingine. Hoja ya Kiarabu ina nguvu yake, mlevi hulegea kweli. Ila mimi sioni haja ya kutengeneza vitenzi viwili kwa neno linalotokea mara tatu, wakati kuna lugha ninayoijua mimi, ambayo mtu wa Oxford hakuifikiria, ambapo ndege juu ya makinda wake na mwili usioweza kujizuia kutetemeka wanatumia kitenzi kimoja bila ugomvi wowote. Tai anapapatika juu ya makinda. Yeremia anapapatika mifupa yote, kama kuku wa sikukuu. Ile dosari niliyokuwa naiogopa, ya kuchinjwa na hofu, ndo hiyohiyo inayofanya kupapatika kutoshe sehemu zote tatu.

Kwa hiyo kwenye Biblia yangu ya nyumbani nimekata "ikatulia" kwa penseli, pembeni nimeandika: ilikuwa ikipapatika.

Mama mdogo shikamoo, najua na hii ni ndefu.